Betri nne, kazi ya mbili: uchambuzi wa kisa cha sola ya nyumba yenye genge, pwani ya Mtwara

Tuichukue nyumba moja ya kijiji cha pwani, Mtwara Vijijini, ambako nguzo za umeme hazijafika. Mbele ya nyumba kuna genge linalouza maji baridi, soda na barafu za vifuko. Juu ya bati kuna paneli nne za wati 150. Ndani kuna kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli kwenda kwenye betri) ya aina ya PWM ya ampea 40, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa kawaida wa nyumbani) ya wati 1,000 ya volti 12, na betri nne za jeli, kila moja ya volti 12 na Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inahifadhi), zimepangwa kwa mstari sakafuni. Betri mbili za kwanza zilinunuliwa baada ya mnada wa korosho wa msimu mmoja. Msimu uliofuata ziliongezwa mbili za kampuni nyingine, pamoja na freza ndogo ya lita 150.

Matarajio yalikuwa wazi: betri zimekuwa mara mbili, basi umeme nao utadumu mara mbili. Haikuwa hivyo. Inveta ilianza kupiga kelele na kuzima kabla ya saa sita usiku, barafu zikawa hazigandi, na baada ya miezi kadhaa betri ya kwanza kwenye mstari, ile iliyo karibu na inveta, ikavimba ubavuni. Ikanunuliwa mpya na kuwekwa palepale. Nayo ikafa kabla ya mwaka kwisha. Hukumu ya nyumbani ikawa kwamba betri za siku hizi ni feki.

Betri feki zipo sokoni, hilo halina ubishi, na dalili ya haraka ni uzito: betri ya jeli ya Ah 100 ya kweli huwa na kilo 28 hadi 32 hivi, kwa hiyo ukiinyanyua na ukaikuta na kilo 20, usiilipie. Lakini betri mbili kufia mahali pamoja kwenye mstari uleule ni dalili nyingine kabisa. Kabla ya kumtuhumu muuzaji, angalia nyaya zimeshikwa wapi.

Zilivyofungwa

Betri zote ziliungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwa vipande vya waya wa milimita 6 (za mraba, eneo la mkato wake) vyenye urefu wa sentimita 30 hivi. Mpaka hapo hakuna kosa la kimsingi ila waya ni mwembamba. Kosa ni kwamba nyaya za inveta, chanya na hasi zote mbili, zilifungwa kwenye betri namba 1, na nyaya za kontrola zikafungwa hapohapo. Mafundi wengi hufanya hivi kwa sababu ni rahisi: betri namba 1 iko karibu, waya mfupi unatosha, na ukipima volti kwenye kila betri bila mzigo unakuta zote 12.7. Kila kitu kinaonekana sawa.

Tatizo huonekana mzigo unapokuja. Umeme wa betri namba 4 hauna njia ya kufika kwenye inveta ila kupitia vipande sita vya waya, vitatu upande wa chanya na vitatu upande wa hasi, na kila kipande kina lagi mbili (vichwa vya chuma vya mwisho wa waya) zilizobanwa na kufungwa kwa boliti. Umeme wa betri namba 1 haupiti kipande hata kimoja. Ukinzani wa kipande kimoja, yaani jinsi kinavyozuia umeme, ni mdogo sana: shaba ya milimita 6 ina takriban miliohmu 2.9 kwa mita, kwa hiyo sentimita 30 ni miliohmu 0.86, na ukijumlisha lagi na boliti unafika kama 1.2. Mtu anaweza kuiona namba hiyo si kitu. Lakini ukinzani wa ndani wa betri yenyewe ya ukubwa huu ni kama miliohmu 6 tu. Ukilinganisha 1.2 na 6, na ukikumbuka kwamba vipande vinajumlishana kadiri unavyokwenda nyuma, utaona kwamba waya una sauti kubwa katika kuamua nani afanye kazi.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Anza na betri ya mwisho, ipe ampea 1, kisha rudi mbele hatua kwa hatua ukijumlisha volti zinazopotea kwenye kila jozi ya vipande. Inveta ikivuta ampea 80, yaani karibu na kikomo chake, betri namba 1 inatoa ampea 37.8, namba 2 inatoa 20.9, namba 3 inatoa 12.4, na namba 4 inatoa 8.9. Betri mbili zilizoongezwa kwa fedha ya korosho zinabeba robo ya mzigo na ushee kidogo. Mchana ni vilevile kwenye kuchaji: paneli zikitoa ampea 33 jua la saa sita, namba 1 inapokea karibu 15.6 na namba 4 inapokea 3.7.

Hapa inabidi kuwa waangalifu, kwa sababu watu hupenda kuishia kwenye namba hizo na kutangaza kwamba mshtakiwa amepatikana. Mgawanyo huo ni wa dakika za mwanzo, betri zote zikiwa na chaji sawa. Namba 1 ikishatoa zaidi, volti yake ya ndani inashuka, na za nyuma zinaanza kuchangia zaidi. Usiku wa manane freza ikipumzika, zile zenye chaji zaidi zinairudishia iliyochoka. Kwa mzigo wa ampea 20 tu, vipande vizima vya waya vinapoteza volti 0.04 kati ya mwanzo na mwisho wa mstari, na hiyo ni tofauti ya asilimia 4 hivi ya chaji. Betri haifi kwa asilimia 4. Kwa hiyo mpangilio huu wa kushika upande mmoja ni mbaya, lakini peke yake, viungo vikiwa vizima, usingeua betri haraka namna hii. Kuna kingine.

Kiungo kati ya namba 2 na namba 3

Nyumba ya pwani ina adui wake, chumvi. Upepo ukivuma kutoka baharini unaingia mpaka chumbani, na shaba iliyoachwa wazi inaota kutu ya kijani. Katika mstari huu, lagi ya waya wa hasi kati ya betri namba 2 na namba 3 ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Iliwekwa siku betri mpya zilipoongezwa, na ukiitazama kwa karibu unaona makosa matatu kwenye boliti moja.

Kwanza, washa bapa, yaani kipete cha chuma, imewekwa kati ya lagi na ncha ya betri. Mahali pa washa ni juu ya lagi, chini ya nati. Lagi inatakiwa igusane na ncha ya betri, ambayo ni ya risasi, uso kwa uso, kisha washa bapa, kisha washa ya springi, kisha nati. Ukiingiza washa ya chuma katikati umeulazimisha umeme wote upite kwenye kipande cha chuma chenye kutu. Pili, lagi ilibanwa kwa nyundo na msumari badala ya koleo la kubania lagi, kwa hiyo nyuzi za waya zimelegea ndani na ukiuvuta waya unacheza. Tatu, waya wenyewe ni wa alumini iliyopakwa shaba. Ukikwangua uzi mmoja kwa kisu, rangi ya shaba inatoka na ndani unaona weupe. Waya wa namna hii una ukinzani wa kama mara moja na nusu ya shaba halisi, na kwenye hewa ya chumvi ncha zake huoza upesi.

Kiungo kama hicho hupimwa kwa milivolti. Weka mita kwenye milivolti za DC, ncha moja ya mita iguse risasi ya betri yenyewe, nyingine iguse nyuzi za waya zinapoingia kwenye lagi, huku mzigo ukiwa umewashwa. Kisha pima ampea zinazopita kwenye waya huohuo kwa klampu mita, ile inayoukumbatia waya. Milivolti ukizigawa kwa ampea unapata miliohmu. Kiungo kizima cha saizi hii hakizidi miliohmu 0.2. Hiki kikisoma milivolti 41 huku zikipita ampea 4.1 tu, ni miliohmu 10.

Irudie sasa hesabu ya mwanzo ukiingiza hiyo 10 badala ya 1.2 ya kipande hicho. Kwa mzigo wa ampea 30, yaani freza, televisheni, taa na blenda ya juisi jioni, namba 1 inatoa 15.8, namba 2 inatoa 10.1, namba 3 inatoa 2.4, na namba 4 inatoa 1.7. Betri mbili za mbele zinabeba ampea 26 kati ya 30. Ili za nyuma zitoe nusu ya mzigo kama inavyostahili, lazima kiungo hicho kimoja kilipiwe volti 0.15, na hizo zinapatikana pale tu za mbele zinapokuwa chini kwa kama asilimia 15 ya chaji kuliko za nyuma. Hiyo si tofauti ndogo tena. Kila usiku betri za mbele, ambazo ndizo kuukuu, zinashuka zaidi. Kila mchana za nyuma zinachelewa kujaa, na chaji inapoanza kufika kwao jua linaelekea kuzama.

Ndiyo maana nyumba ilijiona ina Ah 400 na ikaishi kama yenye 200.

Kwa nini betri mpya ilikufa upesi kuliko iliyotangulia

Jambo hili huwashangaza watu kuliko yote, nalo ndilo hula fedha nyingi. Betri ikizeeka ukinzani wake wa ndani unapanda. Tuseme mpya iliyowekwa namba 1 ina miliohmu 5, namba 2 iliyochoka imefika 12, na mbili za nyuma ziko kwenye 8. Kiungo kibovu bado kipo, na nyaya za inveta bado zimeshikwa mbele. Kwa mzigo uleule wa ampea 30, betri mpya inatoa 19.4. Namba 2 inatoa 6, na za nyuma zote mbili hazifikishi 5. Betri mpya imekabidhiwa karibu theluthi mbili ya mzigo wa nyumba nzima siku ya kwanza tu, kwa sababu mbili zinazoelekea upande mmoja: ina nguvu kuliko wenzake, na iko mlangoni.

Kuchanganya betri mpya na kuukuu sambamba ni kosa hata nyaya zikiwa nzuri. Mpya huburutwa kwenye hali ya zile za zamani. Ukiibadilisha moja tu kwenye mstari uliochakaa, unanunua betri ya kuitoa kafara.

Kujaa kusikokamilika

Sasa upande wa jua. Freza ya aina hii hula kama uniti 1.1 kwa siku katika joto la Mtwara, televisheni na king'amuzi 0.4, taa 0.2, simu za wateja 0.1. Hiyo ni 1.8. Inveta nayo inakula, kama 0.5 kwa siku ukijumlisha upotevu wake na wati 12 hivi inazokula hata isipokuwa na mzigo. Jumla 2.3. Paneli za wati 600 kwa saa tano za jua kamili ni uniti 3 kwenye karatasi. Ukitoa joto la bati, vumbi na hasara ya kontrola ya PWM, zinabaki kama 2.1 za kweli. Kuanzia Desemba mpaka Aprili, wakati wa mvua, kuna siku hazifiki 1.2.

Kwa hiyo hata kiangazi mfumo huu uko nyuma kidogo kila siku, na unapumua kwa sababu tu mwenye genge anazima freza umeme unapoisha. Betri ya risasi isiyojazwa mpaka mwisho mara kwa mara huota chumvi ngumu ya salfeti kwenye sahani zake na uwezo wake unapungua moja kwa moja. Inahitaji kufikia volti 14.1 hadi 14.2, kwa jeli, na kukaa hapo saa mbili au zaidi, mpaka ampea inazopokea zishuke zenyewe. Muda huo wa kukaa juu ndio pia unaosawazisha betri zilizo sambamba, kwa kuwa ampea zikiwa ndogo volti zinazopotea kwenye waya nazo zinakuwa ndogo, na ya mwisho inapata nafasi ya kujaa. Nyumba isiyofika hapo inakosa tiba ambayo ingesamehe sehemu ya makosa ya nyaya.

Kuna na suala la kuzima. Wengi wanaamini kontrola italinda betri isishuke mno. Kontrola hukata mzigo uliofungwa kwenye matundu yake ya mzigo tu. Inveta imefungwa moja kwa moja kwenye betri, na inveta nyingi za volti 12 huzima kwenye 10.5. Betri ya jeli iliyofika 10.5 kwa mzigo mdogo wa usiku imekwisha kabisa. Kama inveta inakubali kurekebishwa, iweke izime kwenye 11.8. Isipokubali, funga kifaa cha kukata umeme volti zikishuka.

Joto tutalitaja kwa ufupi: chumba chini ya bati kinapita nyuzi 33 mchana, na betri ya risasi hupoteza takriban nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 juu ya 25. Kontrola isiyo na waya wa kihisi joto kwenye betri iwekwe chini kwa volti 0.2, na betri ziwe kwenye ubao, chumba chenye hewa, sentimita mbili au tatu kati ya moja na nyingine.

Seli iliyokufa, na hatari yake

Betri namba 1 iliyovimba ilikuwa na seli moja iliyopiga shoti ndani. Betri ya volti 12 ina seli sita za volti 2 na kidogo kila moja. Ikifa moja, betri nzima inakaa kwenye 10.6 hivi. Ikiwa peke yake hilo lingeonekana asubuhi ileile. Ikiwa sambamba na nyingine tatu, zile tatu zinaimwagia umeme usiku kucha kujaribu kuipandisha, na mita bado inasoma 12 na kitu. Mchana kontrola inapandisha mpaka 14.2, na seli tano zilizobaki zinasukumwa mpaka volti 2.8 kila moja, wakati kiwango chake ni 2.35. Zinachemka, zinatoa hidrojeni, plastiki inalainika na kuvimba. Ukiigusa betri na ukaikuta ina joto kuliko wenzake wakati freza imezimwa, usisubiri kesho. Zima inveta, kata paneli, kisha ifungue hiyo betri na kuitoa kwenye mstari.

Katika mstari huu hakukuwa na fyuzi hata moja kati ya betri. Betri yenye miliohmu 6 ikipigwa shoti inaweza kutoa zaidi ya ampea 2,000 kwa mara moja. Tatu zikiielekea moja iliyokufa, waya wa milimita 6 unageuka kuwa jiko. Kati ya mambo yote yaliyokosewa katika nyumba hii, hili ndilo lingeweza kuichoma, na ndilo ambalo hakuna aliyelilalamikia.

Kupima kila moja

Kabla ya kufunga upya, betri zote zitenganishwe. Anza kwa kuzima inveta, kisha kata paneli kwenye kontrola, ndipo ufungue betri. Ukifungua betri kwanza huku paneli zinasukuma, kontrola inaweza kuungua. Vua pete na saa ya chuma, na spana izungushiwe utepe wa umeme ibaki wazi mdomoni tu.

Kila betri ijazwe peke yake mpaka mwisho, iachwe saa kumi na mbili bila kuguswa, kisha ipimwe. Jeli nzima iliyojaa inasoma 12.8 au 12.9. Halafu iwashe balbu ya gari ya wati 60, ambayo inavuta karibu ampea 5. Betri ya Ah 100 iliyo nzima inaiwasha kama saa 20. Huna haja ya kuimaliza: baada ya muda wa saa 10, balbu ikiwa bado inawaka, betri nzima inakuwa kwenye 12.2 hivi. Iliyokwisha kushuka chini ya 11.8 imepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake.

Katika kisa hiki namba 1 ina seli iliyokufa na namba 2 inazima kabla ya kufikisha muda wa saa 9. Namba 3 na 4 zinafika saa 10 zikiwa juu ya 12.1. Zile mbili za nyuma zilipona kwa sababu hazikufanyishwa kazi.

Uamuzi na kufunga upya

Kishawishi ni kununua mbili mpya na kuziunga na hizi mbili zilizopona. Ushauri wetu ni hapana. Namba 1 na 2 zitoke kabisa, zipelekwe kwa wanunuzi wa betri chakavu, zisimwagwe wala kupasuliwa nyumbani. Nyumba ibaki na namba 3 na 4 kwa sasa, na freza iwashwe saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni tu, chupa za maji zikijazwa humo zigande. Barafu ile inahifadhi baridi usiku kwa gharama ndogo kuliko betri. Fedha ya kwanza itakayopatikana iende kwenye paneli mbili zaidi na kontrola ya ampea 60, kwa kuwa paneli sita zinafika ampea 49 na ile ya 40 haitoshi.

Betri mbili sambamba zina uzuri mmoja. Chanya ya inveta ikishikwa kwenye betri ya kwanza na hasi kwenye ya pili, kila betri inapita kipande kimoja tu cha waya, na vipande vikiwa sawa kwa urefu na unene, mgawanyo unakuwa sawa kabisa. Hauhitaji kitu zaidi. Kwa nne, kushika kimshazari hivyo, chanya kwenye ya kwanza na hasi kwenye ya mwisho, kunasaidia lakini hakumalizi: kwa nyaya zilezile za milimita 6 zilizo nzima, ampea 80 zingegawanyika 23.3, 16.7, 16.7 na 23.3. Ukitumia vipande vifupi vya milimita 35, tofauti inabaki kama ampea moja na nusu. Njia bora kwa tatu au zaidi ni basbaa (kipande kinene cha kukusanyia nyaya) mbili za shaba, moja ya chanya na moja ya hasi, kila betri ikiwa na nyaya zake mbili za milimita 16 kwenda huko, zote urefu mmoja. Kama betri ya mbali inahitaji sentimita 60, ya karibu nayo ipewe sentimita 60 na waya ukunjwe. Usiukate kwa kuona unabaki; huo urefu sawa ndio unaogawa mzigo. Inveta na kontrola zote zifungwe kwenye basbaa, isiwepo hata moja iliyoshika ncha ya betri.

Na wakati wa kununua betri mpya ukifika, kwa inveta hii ya volti 12, mbili za Ah 200 ni bora kuliko nne za Ah 100: viungo vinapungua kwa zaidi ya nusu na hewa ya chumvi inapata mahali pachache pa kula. Anayeanza upya, ambaye hajanunua inveta, aende volti 24. Wati zilezile zinapita kwa nusu ya ampea.

Fyuzi: moja kwa kila betri upande wa chanya, karibu na ncha iwezekanavyo, ya DC ya ampea 80 kwa waya wa milimita 16. Fyuzi kuu ya 150 kati ya basbaa na inveta, waya wa milimita 35 usiozidi mita moja na nusu. Inveta ya wati 1,000 betri zikiwa chini huvuta mpaka ampea 112, kwa hiyo fyuzi ya 100 ingekatika bila sababu. Usitumie breka ya kawaida ya umeme wa nyumbani. Umeme wa DC hauna nukta ya sifuri inayoizima cheche, na breka ya AC inaweza kushika moto wakati inajaribu kukata.

Siku ya kuunganisha, betri zote ziwe zimejazwa na tofauti kati yao isizidi volti 0.05. Betri ya 12.9 ukiiunga na ya 12.0 zinapita ampea 70 hivi papo hapo, na cheche itakuonyesha. Safisha risasi kwa brashi ya waya mpaka ing'ae, funga lagi, kaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya betri, halafu ndipo upake vaselini juu ya boliti yote. Ukipaka kabla ya kukaza umeweka mafuta mahali pa shaba.

Mzigo ukiwashwa, klampu mita ya DC ipite kwenye waya wa kila betri. Hakikisha mita yako inasoma DC, kwa sababu nyingi za bei ya chini husoma AC tu na hapa zitakuonyesha sifuri. Betri ikipishana na wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, tafuta kiungo chake kwa milivolti kabla ya kufunga chumba. Rudia kipimo hicho baada ya mwezi mmoja, boliti zinapokuwa zimekaa, kisha kila miezi mitatu. Wakati wa kaskazi, upepo ukileta chumvi na unyevu kwa pamoja, kila mwezi si mara nyingi mno.